Jina la Mponyaji na Sindano ya Awino

Nakumbuka vizuri siku ya kwanza niliyoitwa Nabii, mwanangu, na nakumbuka pia kwamba nililipenda jina hilo kupita kiasi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa Jumamosi alasiri, katika darasa moja la shule ya msingi kule Umoja ambalo kikundi chetu cha maombi kilikuwa kimepewa kwa ajili ya mikutano. Hesabu za watoto zilikuwa bado ubaoni. Ndugu Filemoni, kiongozi wetu, aliniwekea mkono kichwani akasema mbele ya watu wote, "Kuanzia leo huyu si Dada Mumbua tena. Huyu ni Nabii Mumbua." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nikalia kwa furaha, kisha nikarudi nyumbani Mbotela kwa miguu, nikiona kama kila mtu wa Jogoo Road ananiangalia.

Miaka ile ya tisini makanisa mapya yalikuwa yakiota kila mahali Eastlands, mitaa ile ya mashariki mwa jiji. Kayole yalikuwa ya mabati, Umoja yalikuwa madarasani, kwingine yalikuwa ya mahema kwenye viwanja vya mpira. Sisemi hivyo kuyadharau. Mimi nilimjua Mungu humo, na watu wengi waliacha pombe na ugomvi humo. Nataka tu ujue hali ilivyokuwa, usije ukadhani nilikuwa peke yangu katika makosa yangu.

Kilichonipatia sifa ni majina. Nilikuwa na daftari lenye jalada la bluu, na ndani yake nilikuwa nimeandika kila jina la Mungu nililolipata katika Biblia au nililolisikia kwa wahubiri. Yehova Yire, Mungu atoaye. Yehova Nisi, bendera yetu. Yehova Shalomu, amani. Elshadai. Adonai. Bwana wa Majeshi. Na lile nililolipenda kuliko yote, Yehova Rafa, mponyaji. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja eneo la viwanda, na saa ya chakula wenzangu wakienda kula maharagwe na chapati, mimi nilikuwa nakariri. Nikisimama kuomba niliyapanga majina yale moja baada ya jingine kama mtu anayepanda ngazi, sauti ikizidi kupanda, mpaka watu wakaanza kulia na kutetemeka. Nilikuja kuamini kwamba nguvu iko katika kulitamka jina lenyewe, na kwamba ukilitamka sawasawa, kwa sauti ya kutosha, Mungu hana budi kuja.

Usinicheke, mwanangu. Wako wanaoamini hivyo hata leo.

Sasa, nyumba ya pili kutoka kwetu pale Mbotela aliishi rafiki yangu Awino na baba yake, Mzee Okelo. Mimi nilikuwa nakaa kwa mjomba wangu Kioko, dereva wa gari la mikate. Mzee Okelo alikuwa amefanya kazi reli mpaka akastaafu, mke wake alikuwa amefariki, na hakuwa na mtoto mwingine ila Awino. Alikuwa mtu wa kanisa la zamani, lile la kitabu cha nyimbo na viti vya mbao, na sisi vijana tulimwona kama mtu aliyelala usingizi kiroho. Hakuwa akipaza sauti. Alikuwa akisoma Maandiko yake jioni mlangoni, taratibu, huku akiufuata mstari kwa kidole.

Awino alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu akiwa na miaka kumi. Kila asubuhi na kila jioni alijidunga sindano ya insulini pajani. Hawakuwa na friji, kwa hiyo chupa za dawa walizitia ndani ya mkebe wenye kifuniko, na mkebe wakauweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, kona ya nyumba palipo na baridi. Mimi nilikuwa nimeyaona hayo yote tangu tulipokuwa wasichana. Nilijua dawa ile ni nini kwake. Ndiyo maana naliita kosa langu kosa, silipi jina lingine.

Wiki mbili baada ya mimi kuitwa Nabii, Mzee Okelo alipata habari ya msiba kwao Siaya. Ijumaa asubuhi alipitia kwetu akiwa na begi lake begani.

"Mumbua," akaniambia, "nitarudi Jumanne. Angalia dada yako. Ale kwa wakati, na asisahau sindano. Wakati mwingine anajisahau kwa sababu amechoka nazo."

"Usijali, Mzee," nikasema. "Nitamwangalia."

Kesho yake nilimchukua Awino tukaenda Umoja kwenye maombi. Hakuwa mtu wa kikundi chetu, lakini alikuwa amechoka, kama baba yake alivyosema. Njiani aliniambia, "Manze Mumbua, hizi sindano zimenichosha. Paja limekuwa gumu kama ubao. Wewe ukiomba, Mungu anasikia. Niombee na mimi."

Nilimwombea. Nilimsimamisha mbele ya watu, nikamwekea mikono, nikaita jina la Yehova Rafa mara nyingi mpaka sauti ikanikauka. Awino akaanguka. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa machozi, akasema anajisikia mwepesi. Ndipo nikasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau. Nikasema, "Bwana asema, Awino, umepona. Hutadungwa tena."

Bwana hakuwa amesema kitu, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema. Nilitaka sana liwe kweli, watu walikuwa wananitazama, na neno likanitoka. Darasa zima likalipuka kwa shangwe. Mwanamke mmoja akavua kitambaa kichwani akakipunga. Awino mwenyewe akaniangalia kama mtoto aliyeambiwa shule zimefungwa.

Jioni ile hakujidunga. Na mimi, ili asije akajaribiwa, niliutoa ule mkebe katika chungu nikaupeleka kwa mjomba, nikauficha chini ya kitanda changu.

Jumapili aliamka na kiu. Alikunywa maji siku nzima, akienda msalani kila mara, nikamwambia mwili unajisafisha. Jumatatu hakwenda kazini. Alitapika chai, akatapika na uji. Nami niliomba ruhusa ofisini nikabaki naye, nikamshika mkono, nikamwambia arudie majina pamoja nami. Akayarudia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ndani yangu kitu kilikuwa kimeanza kuogopa, lakini nilikuwa nimekwisha kutangaza mbele ya watu mia, na nikajiambia kwamba woga ni shaka, na shaka ndiyo itakayomwua. Ona jinsi nilivyokuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Kila nilipoona dalili mbaya, niliongeza sauti.

Jumanne asubuhi nilimkuta amelala chali, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyepanda mlima mbio. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nikapiga magoti nikafungua kinywa niombe. Akafumbua macho kidogo.

"Mumbua," akasema.

"Nipo."

"Nikiomba sindano, Mungu atanikasirikia?"

Ilinichoma, mwanangu, kuliko kama angenitukana. Rafiki yangu alikuwa anakufa kwa kiu, na alichokuwa akikiogopa ni Mungu, yule Mungu ambaye mimi nilikuwa nimemwambia jina lake ni Mponyaji. Nilikuwa nimelichukua jina zuri kuliko yote nikalifanya kitu cha kumtisha mgonjwa.

"Hapana," nikasema. "Hapana, Awino. Hatakukasirikia. Mimi ndiye niliyekosea."

Nilitoka mbio. Mjomba Kioko alikuwa ndio kwanza amerudi kupeleka mikate ya asubuhi, amekaa kwenye kiti cha mbele anakunywa chai ya kikombe cha bati. Sikuweza kueleza kwa mpango. Nilisema tu, "Awino, Awino, hospitali," naye akaimwaga chai ile chini. Tulimlaza Awino nyuma ya gari juu ya magunia kati ya makreti matupu. Nilikaa naye nimempakata kichwa, mkebe wa dawa nimeubana kwapani, na njia nzima sikutaja jina hata moja. Nilikuwa nasema tu, "Baba, tafadhali. Baba, tafadhali."

Hospitalini muuguzi mmoja mwenye miwani alimtazama Awino mara moja tu, akaita wenzake. Walipokuwa wakimpandisha kitandani akanigeukia. "Ana sukari huyu. Alidungwa lini mara ya mwisho?"

"Sijui," nikasema.

Naam. Hata pale nilidanganya. Ulimi ulikimbilia kunificha kabla ya kumsaidia yeye. Muuguzi akainua macho juu ya miwani yake, akasubiri na kalamu mkononi.

"Jumamosi asubuhi," nikasema. "Tangu Jumamosi asubuhi hajadungwa. Mimi ndiye niliyemkataza. Dawa yake hii hapa."

Aliuchukua mkebe, akaandika, akaingia ndani haraka. Baadaye daktari kijana alitoka akatuambia wamemtundikia maji na wameanza kumpa insulini, na kwamba lazima asubiriwe. "Mmefanya vizuri kusema ukweli," akasema. "Mngechelewa mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mjomba alilazimika kurudisha gari la watu. Mimi nikabaki kwenye benchi la ukumbini, na saa nane mchana nikamwona Mzee Okelo akija na begi lake begani, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Majirani walikuwa wamemwambia. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikamwambia jinsi ilivyokuwa: maombi, neno nililosema, mkebe chini ya kitanda. Sikuacha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea begi lake mikononi kama mtu anayempa mtu mwingine ashike kidogo, akaingia wodini.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikaa benchi lile lile, akavua kofia akaiweka magotini.

"Anapumua vizuri zaidi kidogo," akasema. "Bado amelala. Wanasema tungoje."

Tukangoja. Mtu alipita na ndoo na kitambaa cha kupigia deki, tukainua miguu. Nilitamani anipige. Nilitamani apige kelele ili niweze kulia.

"Mzee, nikasirikie," nikasema.

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Ila kwa sasa naogopa. Nikimaliza kuogopa nitakasirika vizuri." Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya kawaida, "Lile jina ulilomwitia Awino, Yehova Rafa. Limetoka wapi?"

"Kutoka, sura ya kumi na tano."

"Sura naijua. Nauliza watu walikuwa wapi siku hiyo. Walikuwa na shida gani?"

Katika daftari langu nilikuwa nimeandika jina, sura na mstari, lakini sikuwahi kukaa chini nikasoma habari yenyewe kuanzia mwanzo. Mzee akaanza kunieleza kana kwamba ananieleza habari za watu wa kwao. Walikuwa wametoka Misri, akasema, wametembea nyikani siku tatu bila maji, watoto wanalia, mifugo inaanguka. Wakafika mahali panapoitwa Mara. Maji yapo, lakini ni machungu, hayanyweki. Wakamnung'unikia Musa, na Musa akamlilia Mungu.

"Mungu akafanya nini?" akaniuliza.

"Akayaponya maji."

"Alimwonyesha Musa mti. Musa akauchukua ule mti, kwa mikono yake, akautupa majini. Maji yakawa matamu, watu wakanywa. Baada ya hapo ndipo Mungu alipowaambia kwamba yeye ndiye anayewaponya. Aliwaambia wakiwa wameshanywa, binti yangu. Jina lilikuja baada ya mti." Aligeuza kofia yake magotini. "Miaka kumi na minne, kila asubuhi nikimwona Awino anachovya ile sindano kwenye chupa, nilikuwa nasema moyoni, asante Bwana unayeponya. Nilikuwa nauona ule mti. Wewe ulilichukua jina ukauacha mti. Na zaidi ya kuuacha, uliuficha chini ya kitanda."

Nililia, mwanangu, sikuwa na haya tena ya watu kuniona. Yeye hakunizuia wala hakunibembeleza. Aliendelea tu kusema, taratibu, kama alivyozoea kusoma.

Aliniambia habari ya Hajiri, mjakazi aliyekimbia nyumbani kwa bibi yake akiwa mjamzito, akakutwa na malaika kando ya chemchemi nyikani, hana mtu. Huyo ndiye aliyemwita Mungu jina, Mungu anionaye. "Hakulikariri mahali," Mzee akasema. "Alionwa, ndipo akasema. Haya majina yote unayoyapanga, kila moja lina mtu ndani yake aliyekuwa ameshindwa. Ukilitaja bila kumkumbuka yule mtu, limebaki sauti tu. Na ile amri inayosema tusilitaje bure jina la Bwana, ninyi mnadhani ni ya wanaoapa sokoni wakiuza nyanya. Kulitaja bure ni kulitia ndani ya maneno yako mwenyewe ili mtu asikubishie. Uliposema 'Bwana asema', Awino angekubishia vipi?"

"Hangeweza."

"Na hilo la kuitwa Nabii?"

Nikamwambia nilipewa na Ndugu Filemoni.

"Bwana wetu watu walimwita Rabi," akasema. "Walimwita Mwana wa Daudi, na Kristo, na yote ni kweli. Lakini yeye mwenyewe akijitaja mara nyingi alisema Mwana wa Adamu, yaani mzaliwa wa binadamu kama sisi. Aliyekuwa na haki ya kila cheo alichagua hicho. Wewe ukishaitwa Nabii, ni nani atakayethubutu kukushika mkono akuambie, Mumbua, hapo umekosea? Mimi Ijumaa nilimwachia Mumbua mtoto wangu. Sikumwachia Nabii."

Hayo ndiyo aliyoniambia, na tangu siku hiyo sijawahi kuhubiriwa zaidi ya hapo.

Jioni walitufukuza, saa za wageni zilikuwa zimekwisha. Kesho yake saa sita mchana tulirudi sote wawili. Mimi nilikuwa bado nimevaa nguo zile zile, sikuwa na akili ya kubadilisha. Tulipoingia wodini Awino alikuwa ameegemezwa kwenye mto, mpira wa maji mkononi, macho wazi. Alimtazama baba yake, akatabasamu. Kisha akanitazama mimi, akakunja pua.

"Mumbua, niaje? Mbona unanuka mkate?"

Mzee Okelo alicheka. Alianza kwa kucheka kidogo, kicheko kikamzidi, akashika ukingo wa kitanda, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Muuguzi wa miwani akatuambia tupunguze sauti, naye pia alikuwa anacheka. Mimi nikakaa sakafuni hapo hapo kando ya kitanda. Sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba gunia la mawe kichwani kwa siku mbili, akaambiwa tua. Awino akateremsha mkono usio na mpira akanishika kichwa. Hatukuambiana maneno ya msamaha siku hiyo. Tuliyasema baadaye, yakachukua muda, na kulikuwa na siku alinikasirikia kwa haki. Lakini siku ile ilitutosha kwamba yuko hai.

Hapo ningependa kukuambia mambo yaliisha. Lakini ushuhuda wa kupona kwa Awino ulikuwa umekwisha kutolewa mbele ya watu, na watu walikuwa wameubeba wakaenda nao majumbani. Ushuhuda huo ulipaswa kurudishwa. Jumamosi nikaenda Umoja. Ndugu Filemoni alinivuta kando nje ya darasa.

"Nimesikia," akasema. "Usivunjwe moyo, Nabii. Waambie Awino alipona, ila akatia shaka, ugonjwa ukamrudia. Watu wasitikisike."

Sasa mimi simsemi vibaya huyo ndugu. Alikuwa kijana kama mimi, na kikundi kile kilikuwa kama mtoto wake. Aliogopa kitavunjika. Lakini nilimkumbuka Awino akiniuliza kama Mungu atamkasirikia, nikaona siwezi kumbebesha na huo mzigo.

"Hakutia shaka," nikamwambia. "Aliamini nilichomwambia. Hapo ndipo palipomponza. Na naomba, ndugu yangu, uniite Mumbua."

Nikaingia nikasimama pale mbele, penye ubao. Niliwaambia kwamba Jumamosi iliyopita nilisema 'Bwana asema' na Bwana hakuwa amesema. Niliwaambia kuhusu mkebe. Nikawasimulia habari ya maji ya Mara na ule mti, kwa maneno ya Mzee Okelo kwa sababu yangu sikuwa nayo. Nikawaambia tumwombe Mungu aponye, tusiache kuomba, na dawa tumeze. Nilingojea mtu asimame anikemee.

Aliyesimama alikuwa Mama Kavata, mama wa makamo kutoka Kayole, yule yule aliyevua kitambaa akakipunga siku ile.

"Kwa hivyo mimi," akasema, "naweza kumeza tembe zangu za presha? Niliziacha tangu Jumamosi ile. Kichwa kinanigonga siku ya nne leo. Nilikuwa naona haya kuuliza."

"Mama, meza," nikasema. "Meza hata sasa hivi."

"Ninazo hapa kwenye mkoba. Sikuweza kuzitupa."

Watu wakaguna, kisha mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mzee mmoja nyuma akasema na yeye alikuwa amepunguza dawa za kifua. Dada mwingine akaanza kulia kwa sauti ya kushukuru. Nikatazama mlangoni. Ndugu Filemoni alikuwa amesimama pale ananitazama, nami sikujua atafanya nini. Akageuka akatoka. Nikadhani ametuacha. Baada ya muda kidogo akarudi kutoka kwenye bomba la uwanjani, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, maji yakimwagikia viatuni. Akapita katikati ya madawati, akampa Mama Kavata.

"Kunywa, mama," akasema. "Nisamehe na mimi."

Mwanangu, wewe unayeimba majina haya kwa sauti nzuri kuliko yangu, sikukatazi kuyaimba. Yaimbe. Nilichotaka kukuambia ni hiki. Kila jina la Mungu lililomo katika Maandiko ni habari ya jambo alilomtendea mtu fulani, mahali fulani, kwa hiyo ukilipenda jina, kaa chini usome habari yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, umjue yule mtu na shida yake. Usilifanye jina lake rungu la kumnyamazishia mwenzako, wala usilitie ndani ya tamaa yako kisha ukasema amesema yeye. Ukimwona mgonjwa, mwombee, kisha umshike mkono mwende hospitali, na njia nzima uendelee kumwombea. Na watu wakikupa cheo kinachokufanya usiambiwe kosa lako, kikatae kwa adabu, ubaki na jina ulilopewa na wazazi wako, ili akuitaye akuite kama mtu anayeweza kukosea na kusamehewa. Ukikosea, nawe utakosea, sema mapema, kabla ya jioni. Aibu ya kusema ukweli ni ya saa moja tu, na baada yake utalala usingizi.

Mungu aliyeitwa Emanueli kwa sababu alikuja kukaa nasi, akae nawe katika chumba unachopanga na katika kazi unayoitafuta. Mchungaji Mwema akujue kwa jina lako, akuite kwa hilo, nawe uijue sauti yake katikati ya sauti nyingi za mji huu. Akupe marafiki wasiokuogopa, na wazee watakaokukemea huku wakikupenda. Nenda kwa amani, mwanangu.